Jezi za Mitengo zishonwe Mikindani

Julai 2023 Simba ilipandisha jezi zake mpya hadi kileleni mwa Mlima Kilimanjaro ili kuzizindua. Aliyezileta sokoni alikuwa Sandaland wa Dar es Salaam, aliyepokea kijiti kutoka kwa Vunja Bei, ambaye mwaka 2021 alitia saini na klabu hiyo mkataba wa miaka miwili wa Sh2 bilioni. Mwaka 2025 ikaja zamu ya Jayrutty: Sh38 bilioni kwa miaka mitano.

Ni rahisi kuzitazama tarakimu hizo na kudhani kwamba biashara ya jezi ni ya wenye mabilioni. Sivyo. Mabilioni yanalipwa kwa ajili ya jina na nembo ya Simba. Ukiviondoa hivyo, kinachobaki ni polista, uzi, rangi na mikono ya fundi, na vyote hivyo vinaenea katika chumba kimoja pale Magengeni, Mikindani.

Mikindani ni mji wa kale, kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, wenye boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 na mafundi cherehani wanaojua kazi. Wanashona kanzu, sare za shule na magauni ya harusi. Lakini timu ya mtaa ikitaka jezi, macho yanaelekea Kariakoo, Dar es Salaam. Vijana wanachanga, hela inatumwa kwa simu, na boksi linasafiri kwa basi zaidi ya kilomita 500. Likifunguliwa, kipa hapati saizi yake, bukta mbili zimepungua na jina la timu limekosewa herufi. Nani atalirudisha? Nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi inakula faida yote ya kudai haki. Timu inacheza hivyo hivyo.

Hapo ndipo fundi wa nyumbani angemshinda mfanyabiashara mkubwa. Kwa bei ya jumla hatamweza, maana mwenye kuagiza makontena atamzidi siku zote. Atamweza kwa kupima wachezaji mmoja mmoja, kuonyesha mchoro kabla ya kukata kitambaa, na kuwepo siku namba ya mgongoni inapobanduka.

Hilo la namba si dogo. Njia nyepesi ya kuanza ni kununua jezi tupu, kukata namba kwenye stika na kuibandika kwa mashine ya joto. Mtaji wake si mkubwa, ila inataka umakini. Joto likipungua au mkono ukiharakisha, pembe za namba zinaanza kuinuka baada ya kufuliwa mara chache. Joto likizidi kwenye jezi nyekundu ya polista, wekundu wa kitambaa unapanda juu ya namba nyeupe, na kufikia mechi ya pili namba imekuwa ya waridi. Njia ya pili ni kuchapa rangi kwenye karatasi maalumu, kisha kuibana karatasi hiyo na kitambaa cheupe kwenye joto la karibu nyuzi 200. Rangi hugeuka mvuke na kuingia ndani ya uzi wenyewe, kwa hiyo hakuna kitu cha kubanduka. Inashika kwenye polista tu. Kwenye pamba itapauka. Umeme ukikatika katikati ya kubana, kipande hicho kimeharibika, na kwa mji unaoujua mgawo wa umeme, gharama hiyo iingizwe kwenye bei tangu mwanzo.

Kuna soko jingine ambalo mwambao wote wa kusini umelipita bila kuliona, nalo ni mavazi ya michezo ya wasichana. Mikindani ni mji wa Waislamu wengi, na mzazi anayesita kumruhusu binti yake kucheza netiboli mara nyingi hana ugomvi na mpira. Ugomvi wake ni sketi fupi. Tangu mwaka 2014 sheria za soka duniani zinaruhusu hijabu uwanjani, na Julai 2023 beki wa Morocco, Nouhaila Benzina, aliivaa katika Kombe la Dunia la wanawake, wa kwanza kufanya hivyo. Vazi lenyewe halina miujiza: kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, kilichobana kichwani bila pini, mikono mirefu isiyovuta bega mpira unaporushwa, na suruali nyepesi chini ya sketi. Anayejua mama wa kata ya Mitengo, hapa Mikindani, atakubali urefu gani na binti anataka wepesi gani ni fundi anayeishi nao mtaa mmoja. Fundi akilipatia vazi hilo, atauza nguo na atawaingiza uwanjani wasichana waliokuwa wakitazama mechi kutoka pembeni. Kwa sababu hiyo peke yake, kazi hii inastahili kuungwa mkono.

Hela lakini ina kalenda yake. Mtwara ni mkoa wa korosho, na minada huanza Oktoba. Katika msimu wa 2024/2025 bei ilivuka Sh4,000 kwa kilo, na msimu wa namna hiyo hata timu ya kijiji inathubutu kuagiza seti mbili. Mwaka 2018 mambo yalikuwa mengine: Serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Mfanyabiashara wa jezi aliyekopesha mwaka kama huo aliumia pamoja na mkulima. Ndiyo maana kudai kianzio kabla ya kazi si ukali wala dharau kwa mteja. Jezi ya dukani ikikosa mnunuzi leo itauzwa kesho. Jezi iliyoandikwa jina la timu na namba 10 ina mnunuzi mmoja duniani. Nusu ya hela ilipwe kabla ya mkasi kugusa kitambaa, na iliyobaki siku ya kuchukua mzigo. Kwa mjomba na kwa mwenyekiti wa mtaa, utaratibu uwe huo huo.

Kishawishi kikubwa ni kuiga. Jezi bandia za Simba na Yanga zinauzika haraka, na mwenye mashine ya kuchapa ataombwa kuzitengeneza wiki ya kwanza tu. Akatae. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza jambo hilo, Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata na kuteketeza mzigo, na chumba kimoja cha Magengeni hakina ubavu wa kuhimili hasara hiyo. Zaidi ya hayo, anayechapa nembo ya klabu ya Dar es Salaam anajitosa katika soko lililojaa, wakati timu za kata za jirani, Jangwani na Mtonya, hazina hata nembo iliyochorwa vizuri. Mkoa huu uliwahi kuwa na timu ya Ndanda, Wana Kuchele, iliyocheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/2015 hadi iliposhuka 2020. Misimu yote hiyo Uwanja wa Nangwanda Sijaona ulipokea vigogo wa nchi. Mtwara ingeweza kuutumia muda huo kujenga mafundi wake wa jezi.

Mtaji wa kuanzia upo, ingawa una foleni. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi chenye mashine ya joto na cherehani mbili kina maelezo rahisi ya namna kitakavyorejesha. Lakini mkopo bila oda ni mzigo, na mwenye oda za uhakika kuliko wote ni halmashauri yenyewe.

Kila mwaka wanafunzi wa msingi wana mashindano ya michezo ya UMITASHUMTA na wa sekondari wana ya UMISSETA. Mtwara imewahi kuwa mwenyeji wa fainali za taifa mwaka 2019 na 2021, maelfu ya watoto wakiwa wamevaa jezi za mikoa yao. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana na wanawake. Sare za timu ya manispaa ni zabuni ya aina hiyo hasa: ndogo, inayojirudia kila mwaka, na isiyohitaji kiwanda. Kikundi cha mafundi kikijisajili mapema kwenye NeST, mfumo wa zabuni za Serikali, kitakuwa na haki ya kuiomba.

Mengine ni tarehe. Mashindano ya taifa huwa Juni, na ya ngazi za chini hutangulia. Oda ikitolewa Februari, fundi wa Mikindani anapata muda wa kuwapima watoto, kuleta sampuli na kurekebisha kilichokosewa. Ikitolewa wiki mbili kabla ya safari, afisa michezo hana pa kwenda isipokuwa Kariakoo, kwenye jezi zilizoshonwa tayari kwa ajili ya mtu mwingine.