Saa Iliyotolewa Bure, Saa Iliyouzwa Ghali



Katika mkutano mmoja wa vijana wa parokia, tulipokuwa tukizungumza juu ya matumizi ya mali, kijana mmoja alileta habari aliyoisoma katika simu yake: saa ya mkono, ya chuma, yenye umri wa karibu miaka 50, iliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola milioni 17. Wenzake walipiga mluzi wa mshangao. Mmoja wao akasema: «Mwalimu, hiyo ndiyo saa yenye thamani!» Muda wetu ulikuwa umekwisha, nami sikumjibu. Namjibu leo: hapana, mwanangu. Hiyo ni saa yenye bei. Thamani ni jambo jingine, na mtu anayechanganya hayo mawili atakosea katika mambo makubwa kuliko saa.

Habari yenyewe ni ya kweli. Basi tuijue vizuri kabla ya kuihukumu.

Mwaka 1963 kampuni ya Rolex ya Uswisi ilitoa saa ya aina ya kronografu, ambayo ilikuja kuitwa Daytona, kwa jina la mji wa Florida wenye uwanja mashuhuri wa mashindano ya magari. Kronografu ni saa ya kawaida iliyounganishwa na kipima-muda. Ukibonyeza kitufe kimoja, mshale mwembamba unaanza kukimbia. Ukikibonyeza tena, unasimama. Kitufe cha pili kinaurudisha mwanzo. Kwenye pete inayozunguka kioo zimechongwa tarakimu za mwendo. Gari likimaliza kilometa 1 kwa sekunde 30, mshale unaonyesha 120, yaani kilometa 120 kwa saa; likimaliza kwa sekunde 20, unaonyesha 180. Saa hizo za kwanza hazikuwa na betri. Ilibidi mwenyewe azitie ufunguo kwa vidole vyake. Zilikuwa chombo cha kazi, kama mizani ya muuza sukari au timazi ya mwashi. Bei yake ilikuwa dola mia chache, wala watu hawakuzigombea. Zile zenye uso wa mapambo ya pekee ndizo zilizokawia zaidi madukani.

Saa moja kati ya hizo ilinunuliwa na Joanne Woodward, mwigizaji wa filamu, akampa mumewe Paul Newman, naye mwigizaji. Newman alikuwa ameanza kupenda mashindano ya magari, wala si katika filamu tu: mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 54, yeye na wenzake walishika nafasi ya pili katika mbio za saa 24 za Le Mans, nchini Ufaransa. Mkewe alichongesha mgongoni mwa saa maneno machache ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu, na chini yake akatia sahihi ya neno moja: mimi. Hakuandika jina lake. Katika nyumba ya watu wanaopendana, «mimi» inatosha.

Mwaka 1984 kijana mmoja, mwanafunzi, rafiki wa binti yao, alikuwa akitengeneza kijumba kilichojengwa juu ya mti nyumbani kwao. Newman akamwuliza ni saa ngapi. Kijana akajibu kwamba hana saa. Newman akampa ile yake, akimweleza tu kwamba ikitiwa ufunguo inakwenda sawasawa. Basi. Hakukuwa na dalali wala shahidi wala makofi. Mtu alimwona mwenzake amepungukiwa na kitu, naye alikuwa nacho, akampa.

Sasa tazameni sura ya mwisho. Tarehe 26 Oktoba 2017, mjini New York, saa hiyohiyo iliwekwa mnadani na nyumba ya Phillips. Mtu wa kwanza kutaja bei alianza kwa dola milioni 10, kwa njia ya simu. Baada ya dakika chache ilikuwa imenunuliwa kwa dola 17,752,500, bei ambayo wakati ule haikuwahi kulipwa mnadani kwa saa yoyote ya mkono. Mnunuzi hakutaja jina lake. Aliyetoa bure tunamjua. Aliyenunua ghali hatumjui.

Nawauliza, vijana: ni kitu gani kilichoongezeka kati ya mwaka 1984 na mwaka 2017? Chuma ni kilekile. Magurudumu ya ndani ni yaleyale. Saa haikujifunza kupima muda vizuri zaidi. Simu ndogo ya sokoni kwetu inaipita kwa usahihi. Kilichoongezeka ni tamaa ya watu ya kumiliki kilichoguswa na mtu mwenye sifa. Na hapa ndipo soko linapojidanganya lenyewe. Walitaka kununua upendo wa mke kwa mumewe na ukarimu wa baba kwa kijana mgeni, wakapewa chuma. Neno «mimi» lililo mgongoni mwa saa halikuandikwa kwa ajili yao, wala haliwezi kuwahusu hata wangelipa mara kumi.

Zaidi ya hayo, soko la saa za kale lina sheria ya ajabu. Saa iliyosuguliwa ili ing'ae tena hupungua bei. Ikibadilishwa uso au mishale iliyochakaa, hupungua bei. Ndiyo maana wengi huzihifadhi katika sanduku la chuma, wasizivae, wasizitie ufunguo. Chombo kilichotengenezwa ili kimwambie mtu ni saa ngapi sasa kinanyamaza gizani. Bwana wetu alisema habari ya talanta iliyofukiwa ardhini. Sisi tunaiona imefukiwa kwa heshima kubwa na kupewa ulinzi wa bima.

Najua wengine watanipinga. Watasema: sehemu ya fedha za mnada ule ilikusudiwa kazi za hisani, basi kuna ubaya gani? Nakubali. Namshukuru Mungu kwa kila mgonjwa na kila maskini aliyefaidika. Watasema tena: Newman mwenyewe alikuwa tajiri. Ni kweli, lakini mwaka 1982 alianzisha kampuni ya kuuza mchuzi wa saladi, akaagiza faida yote itolewe kwa hisani, na mwaka 1988 alifungua kambi ya watoto wenye magonjwa mazito wapate kucheza na kucheka. Sisemi kwamba mwenye mali ni mwovu. Papa Yoane Paulo II, katika barua yake Centesimus Annus ya mwaka 1991, alifundisha kwamba si kosa kutamani kuishi vizuri zaidi. Kosa ni kudhani kwamba maisha bora ni kuwa na vitu vingi kuliko kuwa mtu kamili.

Tena najihadhari nisiseme kama Yuda. Mnakumbuka katika Injili ya Yoane, sura ya 12: Maria wa Betania alipoyamwaga marhamu ya thamani juu ya miguu ya Yesu, Yuda ndiye aliyepiga hesabu. Aliona dinari 300 zimepotea, akajifunika kwa jina la maskini. Si kila anayelaani kitu cha ghali anawapenda maskini. Wengine wanalaani kwa sababu wao hawakukipata. Lakini tofauti iko wazi. Marhamu yalimwagwa, na nyumba nzima ikajaa harufu yake. Kitu cha ghali kikimwagwa kwa upendo ni sadaka. Kikifungiwa kwa kiburi ni sanamu.

Tusidhani kwamba ugonjwa huu uko New York peke yake. Nimewaona vijana wetu wakikopa dola ili wavae saa ya bandia yenye jina la Uswisi, saa inayosimama kabla mvua za msimu hazijakwisha, wakati karo ya mdogo wao haijalipwa. Nimewasikia wahubiri wakiinua mkono mbele ya umati ili saa yao ionekane, wakisema kwamba hiyo ni baraka ya Mungu. Ni baraka gani hiyo inayochangwa na mama wauza mihogo ili ing'ae katika mkono wa mtu mmoja?

Na katika nyumba yetu wenyewe je? Siku ya mavuno, baada ya Misa, tunafanya mnada uani: nanasi, kuku, kalenda ya parokia. Nia ni njema, kwa kuwa paa la kanisa halijijengi lenyewe. Lakini sikilizeni jinsi tunavyoita majina. Aliyetoa dola 50 kwa nanasi anapigiwa makofi na ngoma, anaketishwa mbele. Mjane aliyeleta lile nanasi kutoka shamba lake, akitembea kwa miguu tangu alfajiri, hakuna anayemtaja. Tumefanya kama wale wa New York: tumemsahau aliyetoa, tumemshangilia aliyenunua. Yesu aliketi mbele ya sanduku la sadaka akamsifu mwanamke wa sarafu mbili. Sisi tungemwambia asogee apishe wafadhili. Nasema hivi nikijua kwamba baadhi ya wakubwa wetu hawatafurahi, na mimi mwenyewe nimewahi kushika kengele ya mnada huo.

Kama mnataka kujua thamani ni nini, wakumbukeni watu wa nchi hii. Mwenye heri Isidore Bakanja, kijana mfanyakazi wa shamba la wakoloni, alivaa skapulari ya Bikira Maria: vipande viwili vya kitambaa na kamba yake. Dalali gani angeanza mnada kwa kitu hicho? Aliamriwa aivue, akakataa, akapigwa viboko vya kinyama, na mwaka 1909 akafa kwa vidonda vyake, akiwa amemsamehe aliyempiga. Na mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mkaguzi wa bidhaa, alipewa fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika viingie sokoni. Alikataa, naye akauawa mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Mmoja aliona kitambaa kisicho na bei kuwa kitu cha kufia. Mwingine alitajiwa bei, akaonyesha kwamba dhamiri yake haimo mnadani. Kanisa limewatangaza wenye heri, Bakanja mwaka 1994 na Floribert mwaka 2025, ili vijana wa Kongo wasiseme kwamba hawakupata mfano.

Basi wewe uliyesema «hiyo ndiyo saa yenye thamani», sikia. Ulikuwa umekosea siku moja tu. Thamani ya saa ile haikuwa siku ya mnada. Ilikuwa siku ile chini ya mti, mtu mzima alipomwona kijana hana saa, akampa yake bila kuuliza atapata nini. Kitendo hicho hakihitaji dola milioni 17. Kinawezekana Jumamosi hii, katika shirika lako, kwa daftari, kwa shati, kwa saa moja ya kumsomea mzee asiyeona.

Katika mkutano wenu ujao, kila mmoja ajiulize kwa siri: ni kitu gani ninachokivaa ili nionekane, na ni nani analipa gharama yake? Kisha kikundi kizima kishauriane: siku ya mavuno ijayo, tutamwombaje Padri Paroko ili majina ya kwanza kusomwa yawe ya wale walioleta mazao, kabla ya wale walioyanunua? Nami nitakuja pamoja nanyi kumwona. Kengele nitaiacha nyumbani.