Majivu Tunayoyamwaga

Hapa Kimaka, Jinja, majivu hayana heshima. Asubuhi sigiri hukung'utwa, nayo yakaishia chooni kukata harufu, au kwenye migomba, au katika kusugua sufuria. Toleo hili la ufinyanzi linaanza na majivu hayo, kwa sababu wafinyanzi wa Japani wamejipatia jina duniani kwayo, na sisi tunayamwaga.

Siri yenyewe si kubwa. Majivu ya kuni yana chokaa na potasiamu, na hivyo viwili huufanya mchanga ulio ndani ya udongo uyeyuke mapema kuliko kawaida yake. Joto likipita nyuzi 1,200, majivu yanayopeperushwa na moto hutua mabegani mwa chungu, yakageuka kioo cha kijani kinachochuruzika. Kule Shigaraki, Japani, huliacha tanuri lijifanyie kazi hiyo siku kadhaa. Wengine huyaosha majivu, wakayachekecha, wakayachanganya na udongo na mawe yaliyosagwa, kisha wakachovya chombo. Majivu ya maganda ya mpunga hutoa weupe kama wa maziwa. Mpunga! Msomaji wa Mbale anayelijua bonde la mpunga la Doho, kule Butaleja, ataelewa kwa nini nimepaza sauti. Na Kakira, jirani na Jinja, makapi ya miwa huchomwa kuendesha mitambo ya umeme, kwa hiyo majivu hayakosekani.

Ujuzi huu si mgeni Afrika. Mwaka 1920 mfinyanzi wa Kijapani Hamada Shoji alifuatana na mfinyanzi mwenzake Bernard Leach hadi St Ives, Uingereza; mwanafunzi wao Michael Cardew akafungua karakana Abuja, Nijeria, miaka ya 1950. Hapo ndipo alipokwenda Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi, mwaka 1974. Lakini tazama alichorudi nacho: mkono wa akina mama wa Kinijeria wanaofinyanga bila gurudumu. Vyungu vyake vilivyompa sifa havina kioo hata tone. Vimesuguliwa tu mpaka vikang'aa.

Kwa hiyo siwashauri wafinyanzi wetu waige kijani cha Shigaraki. Mtungi wa maji uachwe kama ulivyo, maana kuvuja kwake kidogo ndiko kunakoyapoza maji. Kikombe cha chai na sahani ya mchuzi ndivyo vinavyodai kioo, na kwa kukikosa tumeiachia plastiki meza yote.

Tatizo ni moto. Moto wetu wa nyasi na vijiti juu ya ardhi haufiki joto la kuyeyusha majivu, na udongo wa kinamasi ukifikishwa huko peke yake hulegea na kuporomoka, mpaka utiwe kaolini, kama ile ya Mutaka kule magharibi mwa Uganda. Tanuri la kuni la Kijapani silitaki huku kwetu Busoga. Miti iko wapi? Tanuri la umeme au gesi linatosha, kwa kuwa majivu ya kuchovya hayaulizi moto umetoka wapi. Bwawa la umeme la Nalubaale liko jirani tangu 1954, ingawa bei ya umeme ni hadithi nyingine.

Mwenye tanuri lenye joto hilo na ajaribu. Andika majivu ni ya mti gani na yametoka kijiji gani, kisha utuletee kipande chako, hata kama kimepasuka.