Tembo wa Ueno na mkono uliotoa amri

Agosti 1943, gavana wa Tokyo, Shigeo Odachi, aliamuru wanyama hatari wa bustani ya Ueno wauawe. Ilidaiwa kwamba mabomu yakivunja vizimba, simba na chui watazagaa mitaani. Tembo watatu, John, Tonky na Wanly, nao walihesabiwa humo. Viazi vyenye sumu walivikataa. Sindano zikashindwa kupenya ngozi. Basi wakanyimwa chakula mpaka wakafa, wa mwisho mwishoni mwa Septemba.

Yukio Tsuchiya alikiandika kisa hicho mwaka 1951, na baadaye kikawa kitabu cha picha kilicholiza vizazi vya watoto wa Japani. Tembo waliodhoofu wanafanya michezo waliyofundishwa, wakitumai watatupiwa chochote. Ni nani asiyelia?

Tatizo ni mabomu. Ndani ya kitabu yanarindima juu ya Tokyo. Kwa kweli, baada ya shambulio moja la Aprili 1942, ndege za Marekani hazikurudi kulipiga jiji hilo hadi Novemba 1944. Zaidi ya hapo, bustani ilikuwa imepanga kumhamishia tembo mmoja Sendai, gavana akakataa. Wanahistoria wanaona kwamba alitaka raia waumie moyoni na wajiandae kwa vita vya kufa na kupona. Ibada ya kuwaombea wanyama waliouawa ilifanyika tarehe 4 Septemba, huku tembo wawili wangali hai, wamefichwa bandani.

Mtoto anayefunga kitabu hicho anaichukia vita, na hilo si dogo. Ila anaijua vita inayonyesha kama mvua, haina aliyeiagiza. Wazazi huhofia damu kwenye picha, ilhali damu inaweza kupunguzwa bila kuiharibu historia. Toshi Maruki, aliyefika Hiroshima siku chache baada ya bomu, hakuipunguza hata hivyo: kitabu chake cha mwaka 1980, Hiroshima no Pika, kimejaa miili iliyoungua, na kinasomwa na watoto. Kisichopunguzika ni jina la mwenye amri.

Kwa Tanzania suala hili liko karibu. Anayetaka kuwachorea watoto Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani atavutwa na mganga Kinjikitile, dawa yake ya kuzuia risasi na mashujaa wanaoikabili bunduki. Ni picha tamu, lakini wengi wa waliokufa hawakuuawa na risasi. Kati ya 1905 na 1907, majeshi ya Wajerumani, mwanzoni chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka kusini, njaa ikamaliza kazi. Makadirio ya vifo hufika 300,000. Njaa hiyo ilikuwa mbinu ya vita, na inastahili kurasa nyingi kuliko dawa.

Hapo mchoraji atakwama, kwa sababu mkono ulioshika mwenge mara nyingi ulikuwa wa Mwafrika. Maofisa walikuwa Wajerumani. Askari wengi walikuwa weusi. Mtoto wa darasa la tatu hakosi kuuliza kwa nini. Ajibiwe waziwazi: askari walilipwa mshahara, baadhi yao waliletwa kutoka mbali, hata Sudan, na wapiganaji wasaidizi, yaani rugaruga, waliachiwa nyara. Maelezo hayo yanaenea kwenye ukurasa mmoja, kando ya ghala linalowaka.