Ukialikwa New Orleans: Chakula, Ngoma na Adabu za Msafiri



Juma hili twajibu swali lililotufikia kutoka kwa mama mmoja, msomaji wa safu hii. Mwanawe anasoma New Orleans, katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, naye atahitimu mwezi wa Mei. Amewaalika wazazi wake waende kushuhudia siku hiyo na kukaa naye kwa majuma mawili. Baba yu radhi. Mama asema moyo wamrudi nyuma, kwani amesikia kuwa mji ule ni mji wa pombe, nguruwe na ngoma. Hajui atakula nini, ataswali vipi, wala atamkuta mwanawe katika hali gani. Auliza: aende au asiende?

Jawabu letu ni kuwa aende. Kuunga jamaa ni katika mambo makubwa ya dini yetu, na mwana aliyewakumbuka wazazi wake siku ya furaha yake hafai kuvunjwa moyo kwa hofu ya chungu asichokijua mamaye. Lakini kwenda kwa ujuzi ni bora kuliko kwenda kwa kubahatisha. Kwa hivyo tutaeleza tunayoyajua, tukitaraji yatawafaa pia wengine wenye watoto katika miji ya mbali.

Mji wenyewe

New Orleans uliasisiwa na Wafaransa mwaka 1718, kando ya mto Mississippi. Ukatawaliwa pia na Wahispania, kisha mwaka 1803 Marekani ikaununua pamoja na nchi kubwa iliyouzunguka. Ni mji wa bandari, na sisi watu wa pwani twajua bandari huleta nini: watu wa kila kabila, vyakula vya kila namna, na lugha zilizochanganyika. Mtu wa Mombasa au Lamu akipita katika mtaa wake wa kale, akiona roshani za chuma zilizoning'inia juu ya njia nyembamba, hatajihisi mgeni kabisa.

Mwezi wa Mei joto limeshaanza na hewa ni nzito kama yetu ya kaskazi, basi mama na asibebe makoti mengi. Msimu wa tufani huanza rasmi mwezi wa Juni na kuendelea hadi mwisho wa Novemba. Watu wa mji huo hawaichezei habari hiyo. Mwezi wa Agosti mwaka 2005 tufani iliyoitwa Katrina ilipopiga, kingo za mifereji zilibomoka na sehemu nane katika kumi za mji zikafunikwa na maji. Mgeni akisikia mwenyeji akihesabu miaka kwa kusema kabla ya Katrina au baada ya Katrina, ajue anazungumza juu ya msiba, wala asilifanyie mzaha.

Chunguni

Chakula kinachosifiwa kuliko vyote huitwa gumbo. Ni mchuzi mzito unaoanzia kwa unga wa ngano uliokaangwa polepole katika mafuta hadi ugeuke rangi ya kahawia, kisha hutiwa vitunguu, pilipili mboga, kamba au kuku, na mara nyingi bamia, ukaliwa kwa wali. Jina lenyewe yasemekana limetokana na neno la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambazo ni ndugu za Kiswahili chetu. Watu waliochukuliwa utumwani hawakuwa na mizigo, lakini jina la mboga walivuka nalo bahari.

Tatizo la gumbo ni kuwa wapishi wengi huitia soseji ya nguruwe iitwayo andouille. Hiyo hiyo hutiwa katika jambalaya, ambayo ni wali wa chungu kimoja mfano wa pilau. Maharagwe mekundu na wali, chakula ambacho kwa desturi hupikwa Jumatatu kwa kuwa zamani ilikuwa siku ya kufua na chungu kiliachwa kikichemka peke yake, nayo huwekwa mfupa au nyama ya nguruwe ili kuongeza ladha. Hata mboga za majani huenda zikapikwa hivyo. Basi haitoshi kuuliza kama chakula kina nyama. Uliza wazi: je, ndani yake mna nguruwe, mafuta yake au supu yake? Na samaki akikaangwa, uliza kama mafuta hayo yamekaangiwa nguruwe pia.

Katika viumbe vya majini, sisi tufuatao madhehebu ya Imam Shafii tuna wasaa mkubwa. Samaki, kamba na chaza ni halali, na mji ule una utajiri wa hivyo. Yuko mkate mrefu mfano wa boflo, uitwao po'boy, ambao hujazwa kamba au chaza waliokaangwa. Huo, mafuta yakiwa safi, ni chakula cha mchana cha familia nzima. Lakini mamba huliwa kule, na kobe hupikwa supu, na miguu ya vyura hukaangwa. Hivyo tuviache. Kaa, ambaye wengi wetu humchukulia wepesi, Imam Nawawi katika Minhaj amemtaja pamoja na chura katika wanyama wasioliwa kwa kuwa huishi bara na majini. Mwenye kuifuata kauli hiyo aulize kabla ya kuinua kijiko, maana gumbo nyingi za baharini huwa na kaa. Mwezi wa Mei pia ni msimu wa wadudu wa maji matamu wafananao na kambakochi wadogo, huchemshwa kwa pilipili na kumwagwa mezani. Wapo wanaowalinganisha na kamba wakawala. Mwenye shaka na aache, wala asisahau kuwa huenda soseji imechemshwa katika sufuria hiyo hiyo.

Vitamu navyo vina mitego yake. Kuna ndizi zinazopikwa kwa siagi na sukari kisha zikamwagiwa ramu na kuwashwa moto mezani. Kuna mkate uliolowekwa maziwa na mayai, ukamwagiwa shira ya wiski. Asimwambie mtu kuwa pombe imeungua yote, basi hakuna neno. Kilichotiwa pombe kwa makusudi tukiache. Kwa upande mwingine, mama ataburudika na beignet, maandazi ya mraba yaliyomwagiwa sukari ya unga, ambayo kwa macho ni ndugu za mahamri yetu. Huliwa kwa kahawa iliyochanganywa na mzizi wa chikori, chungu kidogo, yenye maziwa ya moto. Mzoefu wa kahawa tungu ataielewa mara moja. Ipo pia praline, mfano wa kashata, ya sukari na kokwa za pecan, ingawa nyingine hutiwa ramu, basi na asome karatasi yake. Na watoto hununuliwa barafu iliyoparuzwa laini na kutiwa shira za rangi rangi.

Jambo moja la mfukoni: bei iliyoandikwa si bei utakayolipa. Kodi huongezwa mwishoni, karibu sehemu moja katika kumi, na mhudumu wa mkahawa hutarajia bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Huko si hisani ya ziada, bali ndiyo sehemu kubwa ya riziki yake. Msafiri wa Kiislamu asiwe ndiye anayeondoka mezani bila ya kumtimizia mtu jasho lake.

Habari ya ngoma

Sasa tufike palipomtisha mama yetu zaidi. Wanazuoni wamesema mengi juu ya ala za muziki, na walio wengi katika madhehebu yetu wamezikataza ila dufu. Hatuandiki haya ili kuhalalisha lolote. Lakini kujua habari ya watu ni jambo moja, na kukaa katika baa ni jambo jingine.

Mtaa wa Bourbon, ambao ndio wenye jina, usiku haufai familia. Sheria ya mji yaruhusu watu kutembea na pombe katika vikombe vya plastiki, na mtu huona yasiyopendeza macho. Mtaa wa Royal, ulio sambamba nao, mchana una maduka ya vitu vya kale na utulivu zaidi.

Tungemsihi mwana awapeleke wazazi wake Congo Square, uwanja ulio ndani ya bustani yenye jina la Louis Armstrong, mpiga tarumbeta aliyezaliwa mjini humo mwaka 1901. Hapo ndipo watumwa walipokutana Jumapili, siku waliyopumzishwa, wakauza vyakula walivyolima, wakazungumza lugha zao na kupiga ngoma zao. Mwaka 1817 mji ukapitisha amri kuwa mikutano ya watumwa ifanywe mahali pamoja tu palipoamriwa na meya. Muziki wa jazi una mizizi yake katika mikusanyiko kama hiyo. Mahali penyewe ukipaendea asubuhi pamekimya, miti tu na mawe ya sakafu.

Jumapili nyingi msafara huweza kupita njiani, tarumbeta mbele na watu wakiufuata kwa miavuli na vitambaa. Wazee wetu wanaokumbuka beni za Mombasa na Lamu, na ushindani wa Kingi na Skotchi, hawatashangaa sana. Lililo muhimu ni kujua nani huandaa misafara hiyo. Ni vyama vya kusaidiana, vilivyoanzishwa na watu weusi waliokuwa hawana bima wala hospitali ya kuwapokea. Wanachama walichanga senti, mwenzao akiugua akatibiwa, na akifa akazikwa kwa heshima. Sisi wenye vyama vya kuzikana tunaelewa. Familia itakayokutana na msafara isimame kando kwa heshima, isiwapige watu picha kama wanyama wa mbuga, na ikiona pombe mikononi mwao iendelee na safari yake.

Ndugu zetu waliotangulia

Mama anadhani anakwenda mji usioujua Uislamu. La. Wengi katika Waafrika wa mwanzo kuletwa Louisiana na Wafaransa walitoka Senegambia, nchi iliyokuwa na Waislamu na vyuo vya Qur'ani. Mmoja aliyepitishwa New Orleans mwaka 1788 ni Abdulrahman Ibrahima, mwana wa mtawala wa Futa Jallon, msomi wa Kiarabu, aliyeuzwa Natchez, juu ya mto. Alitumikishwa miaka arubaini. Aliachwa huru mwaka 1828, akasafiri mwaka uliofuata hadi Liberia, akafa huko kwa homa kabla ya kufika kwao. Na katika karne iliyopita, mpiga ngoma mashuhuri aliyezaliwa New Orleans mwaka 1939 kwa jina la Leo Morris alisilimu akaitwa Idris Muhammad, na kwa jina hilo akajulikana duniani hadi kufa kwake mwaka 2014.

Mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka mjini ipo Whitney, shamba la miwa la zamani lililofunguliwa mwaka 2014 kuwa makumbusho ya watumwa wenyewe, si ya mabwana zao. Kuna kuta zilizoandikwa majina ya zaidi ya watu 100,000 waliotumikishwa Louisiana. Yafaa kwenda, na yafaa kuwaombea Mungu wale waliokufa juu ya imani ilhali hapana aliyewaswalia.

Swala

Misikiti ipo, mjini na katika vitongoji kama Metairie, na pia maduka ya nyama iliyochinjwa kisharia na mikahawa ya Kiarabu. Kwetu Mombasa twaelekea kaskazini karibu sawasawa. Kule kibla ni kaskazini-mashariki, wala si kusini-mashariki kama ramani ya ukutani inavyomdanganya mtu. Maghribi ya Mei huingia karibu na saa mbili za usiku, na isha baada ya saa tatu. Njiani wazazi wanaweza kupunguza na kukusanya swala, lakini kwa kuwa wameazimia kukaa majuma mawili, wakishafika wataswali kamili, maana ruhusa yetu ni kwa asiyenuia kukaa siku nne zisizohesabu ya kuingia na ya kutoka. Na wakitaka kuwapigia simu waliobaki, Mombasa ikiwa saa mbili za usiku, kwao ni saa sita za mchana.

Neno kwa mama

Limebaki lile ulilolitaja mwisho, nalo twaona ndilo lililo zito moyoni mwako: utamkuta mwanao katika hali gani. Mama yetu, usiende ukafungua friji yake siku ya kwanza ukasoma kila pakiti. Mwingilie jikoni umwambie akufundishe anavyopika peke yake. Mpikieni gumbo pamoja, yenye bamia na kamba na soseji ya kuku wa halali, umwonyeshe kuwa ladha ya mji wake haihitaji haramu. Rafiki zake wakiwaalika, na awaambie mapema, siku mbili kabla, msichokula. Mwenyeji akiambiwa mapema hufurahi kuandaa, lakini akiambiwa mezani huona haya. Na ukimwona mwanao amelegea katika swala, simama wewe uswali, umwombe akuoneshe kibla. Huenda akasimama nyuma ya babake bila ya kuambiwa. Na ikiwa hakusimama, muombee, na siku ya pili muombe tena akuoneshe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama, awarejeshe salama, na awahifadhi watoto wetu wote walio ugenini. Amin.