Pua na meno ya mtoto kabla ya kupandikizwa uloto

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma

Ndugu Mkurugenzi,

Ninakuandikia kutoka Nyakasimbi, Karagwe. Mimi ni tabibu, na miongoni mwa wagonjwa wangu wamo watoto wenye selimundu. Tangu hospitali yako ilipoanza kuwapandikiza uloto watoto wa aina hii mwaka 2023, wazazi wa huku wanauliza kama mtoto anaweza kupona kabisa. Nawajibu kwamba anaweza, akipatikana ndugu wa baba mmoja, mama mmoja, ambaye uloto wake unalingana na wa mtoto. Na kwa kila ndugu, bahati hiyo ni moja kati ya nne.

Inaniuma kufikiri kwamba bahati finyu hivyo inaweza kupotelea puani. Kabla ya kupandikizwa, mtoto hupewa dawa kali za kuua uloto wake wa zamani, kisha kwa wiki kadhaa anabaki karibu bila chembe nyeupe za kumkinga. Maambukizi yaliyojificha kwenye sainasi, yale mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso, hupata mwanya hapo. Usaha huenda usionekane, kwa kuwa hufanywa na chembe nyeupe zilizokufa zikipigana, na sasa hazipo. Fangasi wanaweza kula mfupa hadi jichoni na kwenye ubongo, mtoto akionyesha homa tu.

Watoto wetu hukulia kwenye moshi wa kuni, na kamasi zisizokatika hakuna anayezijali. Hata jino la juu lililooza laweza kupitisha maambukizi hadi sainasi ya shavu.

Kwa hiyo ninaomba mwongozo mfupi wa Kiswahili kwa watumishi wa zahanati na vituo vya afya: mzazi aulizwe nini, pua na meno vikaguliwe vipi, rufaa ya kwenda Nyakahanga au Bukoba itolewe lini. Jino bovu liking'olewa huku mapema, kidonda kitakuwa kimepona kabla ya safari. Siombi kila mtoto apigwe CT-Scan; picha hiyo huonyesha utando uliovimba hata kwa mwenye mafua ya kawaida, na kumwahirishia matibabu kwa hilo pekee ni kumwonea. Uamuzi wa kupiga picha hiyo ubaki kwa mabingwa wenu.

Mwongozo ukifika, nitaanza na watoto walioandikishwa kliniki yangu.

Wako katika kazi,
Tabibu, Nyakasimbi