Dawa ya mgongo si kujifungua

Mwanamke mwenye mimba ya miezi sita akilalamika kwamba kiuno kinamuuma, jibu ni lilelile kuanzia sebuleni kwa mama mkwe hadi kwenye benchi la kliniki: hiyo kawaida, vumilia, ukijifungua kitaacha. Mara nyingi jibu hilo hutolewa kwa upendo, na lina chembe ya ukweli ndani yake. Maumivu hayo kweli yameenea. Mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 34 yenye wajawazito 5,121, yanaeleza kwamba zaidi ya theluthi mbili ya wajawazito huumwa kiuno na karibu mmoja kati ya watano huumwa nyonga. Tatizo ni ile hatua inayofuata. Kwa kuwa wengi wanaumwa, tunahitimisha kwamba hakuna la kufanya. Malaria nayo imewapata watu wengi kwa vizazi na vizazi katika nchi hizi, na hakuna nesi anayemwambia mgonjwa arudi nyumbani asubiri ipite kwa sababu jirani zake wote wamewahi kuiugua.

Wanaotetea uvumilivu hupenda kusema kwamba ndivyo mwanamke alivyoumbwa. Tuyatazame basi hayo maumbile. Tumbo linapokua, uzito wa mwili husogea mbele, na mama hujirudisha nyuma asianguke. Kiuno huingia ndani zaidi na misuli ya mgongo hufanya kazi kutwa nzima. Misuli ya tumbo, ambayo ingeisaidia, imevutika na kupungua nguvu. Homoni za ujauzito hulegeza kano zinazoshikilia mifupa ya nyonga ili mtoto apate njia. Kwa muda mrefu lawama zote ziliwekwa kwenye homoni moja, rilaksini, lakini tafiti zilizolinganisha kiwango chake katika damu na ukali wa maumivu hazikuafikiana. Tena maumbile yenyewe hayakumtelekeza mama. Mwaka 2007 Katherine Whitcome na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba mpindo wa kiuno cha mwanamke umegawanywa kwenye pingili tatu, wakati wa mwanamume uko kwenye mbili, na kwamba tofauti hiyo humsaidia mwanamke kubeba mimba akiwa wima. Mgongo wa mwanamke, kwa maneno mengine, umeandaliwa kwa kazi hii. Unapouma, ni kwa sababu mzigo, mkao au udhaifu wa misuli umezidi maandalizi hayo, na hayo matatu yote yanaweza kupunguzwa.

Jibu la "vumilia" lina dhambi nyingine: linafunga mazungumzo kabla mtu hajauliza panauma wapi. Swali hilo lina maana kubwa. Maumivu ya kiuno hukaa juu, usawa wa mkanda wa suruali, na huzidi mama akisimama muda mrefu jikoni au akiinama kupiga deki. Maumivu ya nyonga hukaa chini zaidi, kwenye makalio upande mmoja au pande zote mbili, wakati mwingine mbele kwenye mfupa wa kinena, na huchoma mama anapogeuka kitandani, anapopanda ngazi, anapoinua mguu kuingia kwenye daladala. Wa kwanza atanufaika kwa kuimarisha misuli na kubadili namna anavyosimama na kuinua vitu. Wa pili anahitaji zaidi kuepuka kuuelemea mguu mmoja: avae chupi na suruali akiwa ameketi, abane magoti pamoja anapogeuka kitandani, alale ubavu akiwa na mto katikati ya magoti, apande ngazi moja moja. Mkanda wa kushikilia nyonga huwasaidia baadhi yao. Ni mambo madogo, hayagharimu karibu chochote, na mama anayeambiwa ni kawaida hatayasikia kamwe.

Kuna tawi la imani hii linaloonekana la huruma zaidi: mjamzito akiumwa mgongo, alale. Apumzike kwa siku mbili maumivu yakiwa makali, sawa. Lakini kumlaza wiki kwa wiki ni kuidhoofisha misuli ileile anayoihitaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa huduma kwa wajawazito, uliotolewa 2016, unashauri mazoezi ya mara kwa mara katika kipindi chote cha ujauzito ili kuzuia maumivu ya kiuno na nyonga, na unataja fiziotherapia, mikanda na tiba ya sindano ya Kichina kama njia za kuyatibu. Mwongozo wa shirika hilo wa 2020 unapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa kiasi, kama kutembea kwa mwendo wa haraka kidogo, kwa mjamzito asiyezuiwa na daktari. Nisiuze mazoezi kama muujiza, hata hivyo. Huko Trondheim, Norway, wanawake 301 wenye mimba ya kwanza waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya pamoja kwa wiki 12. Mimba zilipofika wiki ya 36, asilimia 44 ya waliofanya mazoezi waliripoti maumivu, dhidi ya asilimia 56 ya wengine. Na Cochrane wenyewe wanakiri kwamba ushahidi juu ya maumivu ya kiuno pekee bado si imara sana. Bado, tiba isiyo na gharama inayowaondolea maumivu hata sehemu tu ya kina mama inalishinda neno la faraja lisilomwondolea mtu yeyote.

Hapa ndipo bibi zetu huitwa mahakamani. Walilima mpaka siku ya uchungu, tunaambiwa, hawakujua fiziotherapia wala mikanda. Kweli walilima. Kwamba hawakuumia, nani aliwauliza? Jamii iliyomfundisha mwanamke kunyamaza haiwezi kuugeuza ukimya wake kuwa ushahidi wa afya. Halafu kazi na mazoezi ni vitu viwili. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe, na mama huinyanyua kutoka chini, hujitwisha kichwani, hutembea nayo mlimani, kisha hurudi kuchukua nyingine bila kupumzika kwa sababu watoto wanasubiri uji. Mazoezi huongezwa polepole na huachwa mwili ukichoka. Kazi haimngoji mtu achoke. Mume anayesema mkewe "anafanya mazoezi ya kutosha nyumbani" angesaidia zaidi kama angeibeba hiyo ndoo. Wengine hukimbilia methali, kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame; kwa mwanamke anayeshindwa kuinama, ni utani mbaya.

Nimeacha jambo zito zaidi. Kuna maumivu ya mgongo ambayo si kawaida hata kidogo, na kuzoea kuyaita yote kawaida ndiko kunakoyaficha. Maumivu chini ya mbavu upande mmoja, pamoja na homa, kutetemeka au mkojo unaochoma, yanaweza kuwa maambukizi ya figo, ambayo kwa mjamzito yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Huku kwetu homa hiyo huishia kupewa dawa ya malaria, kumbe mkojo haujapimwa. Maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37 yanaweza kuwa ndio uchungu wenyewe. Maumivu makali ya ghafla pamoja na kutokwa damu yanaweza kuashiria kondo linaloachia. Ganzi katikati ya mapaja, mguu kukosa nguvu au mkojo kushindwa kuzuilika ni dharura ya mishipa ya fahamu. Kwa yoyote kati ya haya, ni hospitali siku hiyohiyo. Tena anayeambiwa avumilie havumilii tu. Huenda duka la dawa. Huko anauziwa diklofenaki au ibuprofeni, mara nyingi bila kuulizwa mimba ina wiki ngapi. Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha dhidi ya kundi hilo la dawa kuanzia wiki ya 20, kwa kuwa zinaweza kuathiri figo za mtoto aliye tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka. Panadol kwa kipimo sahihi ndiyo inayokubalika zaidi, nayo baada ya kumuuliza mtoa huduma.

Pingamizi pekee ninalolipa uzito ni la wauguzi. Foleni ni ndefu, wataalamu wa fiziotherapia wako hospitali kubwa za mijini, na nesi mmoja ana kina mama wengi asubuhi moja. Siupingi ukweli huo. Lakini kumuuliza mama panauma wapi, panauma lini, kuna homa, damu au mkojo unaochoma, ni kazi ya dakika mbili, na maelekezo ya kulala ubavu na kugeuka magoti yakiwa pamoja yanaweza kutolewa kwa benchi zima kwa mara moja, katika somo lilelile la afya la asubuhi kabla ya kuanza kupima. Hakuna kifaa kinachohitajika. Waajiri nao wasijifiche nyuma ya foleni ya kliniki: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inakataza kumpa mjamzito kazi iliyo hatari kwa afya yake au ya mtoto, na inakataza kumfanyisha kazi usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua. Keshia anayesimama saa nane bila kiti haombi fadhila anapoomba kiti.

Na hata ile ahadi kwamba ukijifungua kitaacha si ya kuaminika kwa kila mtu. Wengi hupona miezi michache baada ya kuzaa, lakini wapo ambao maumivu hubaki nao, na aliyeumwa katika mimba moja ana uwezekano mkubwa wa kuumwa katika inayofuata. Kwa hiyo, mama unayesoma haya, kliniki ijayo usisubiri kuulizwa. Sema panauma wapi na unapofanya nini. Ukijibiwa kwamba ni kawaida, kubali, kisha uliza: sawa, nifanye nini kipungue? Usiondoke kwenye kiti mpaka ujibiwe.