Tuulize Kabla Lori Halijapita

Vijana wa Sachangwan, Molo na Salgaa,

Kila siku malori ya nafaka kutoka Mombasa yanapanda barabara yetu kuelekea Eldoret na Uganda. Je, yakibeba mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni, wewe utajuaje?

Dunia ilishaweka kanuni: Mkataba wa Cartagena. Nchi zilianza kuutia sahihi hapa kwetu Nairobi, Mei 2000, na Kenya ikawa ya kwanza. Ulianza kutumika Septemba 2003. Mbegu ya GMO ya kupanda haiingii nchini mara ya kwanza mpaka serikali iarifiwe, ipime hatari, kisha ikubali. Shehena ya chakula nayo lazima iwe na stakabadhi zinazosema huenda ina GMO. Na kifungu cha 23 kinataka wananchi waelimishwe na waulizwe maoni.

Sheria yetu ya mwaka 2009 ikaunda mamlaka ya kusimamia hayo, NBA. Mwaka 2012 serikali ikapiga marufuku kuagiza vyakula vya GMO. Oktoba 3, 2022, Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku hiyo. Sasa jiulize: kijijini kwenu kuliitishwa baraza lolote? Mama yako anayelima mahindi aliulizwa?

Tuelewane. Hatusemi GMO ni sumu, na zile video za kutisha za WhatsApp usizisambaze. Tunasema hivi: haki ya kujua na kuulizwa si zawadi ya mkubwa yeyote.

Sisi wa hapa tunajua bei ya kuchelewa. Januari 31, 2009, lori la mafuta lililopinduka hapa Sachangwan liliwaka, zaidi ya watu 100 wakafa. Mungu awarehemu. Mafuta si mahindi, lakini tahadhari inayokuja baada ya mkasa haimsaidii aliyekwisha zikwa.

Basi fanya haya. Umezoea kugeuza pakiti kutafuta alama ya halali. Tafuta na neno GMO, maana kanuni za 2012 zinataka liandikwe. Ukinunua mbegu kwa agrovet, uliza ni ya aina gani. NBA ikitangaza ombi jipya, tuma maoni yako. Ukinyimwa habari na ofisi ya serikali, taja kifungu cha 35 cha Katiba.

Tukinyamaza wataamua bila sisi, na unga ni sisi tutakaoula.